Shangazi Secilia Hana Mtu

Kwembago, Lushoto
8 Machi 1953

Kaka Kristofa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, isipokuwa paa la darasa la pili lililochukuliwa na upepo tarehe 26 Februari. Shangazi Secilia anakusalimu. Goti bado linamsumbua akipanda mteremko, lakini shamba hajaliacha. Mke wangu Jenoveva anakusalimu pia. Na wewe je, kifua kimepoa? Tunasikia joto la Tanga mwaka huu limezidi.

Kaka, kwa kuwa sasa u mhariri msaidizi wa gazeti la Kengele, nimethubutu kukutumia makala. Niliiandika tangu tarehe 1 hadi 6 mwezi huu, kila jioni ukurasa mmoja. Inaitwa "Faida na Hasara za Kilimo cha Matuta katika Milima ya Usambara". Amri unaijua: kila mwenye shamba la mteremko achimbe matuta kwa kipimo cha Bwana Shamba kabla mvua haijashika. Asiyechimba hung'olewa mazao au huitwa barazani, na wachimbaji wenyewe ni wanawake. Nimeeleza faida tano na hasara tano, nikaambatanisha hesabu ya mvua ya miaka mitatu kama nilivyoipima shuleni.

Naomba uisome kwa jicho la kaka, siyo la mhariri.

Mdogo wako,
Tobia


Tanga
20 Machi 1953

Mdogo wangu Tobia,

Marahaba. Kifua kimepoa, joto lipo, mbu wapo, na mimi nipo. Wasalimu wote, na shangazi umwambie apake mafuta ya nyonyo.

Makala yako nimeisoma kwa jicho la kaka nikalia. Nikaisoma tena kwa jicho la mhariri nikasinzia. Mzee Mussa anayepanga herufi hapa chini aliishika akaniuliza kama ni tangazo la posta.

Sasa nisikilize, maana sitarudia. Unaanza na "Kama tujuavyo sote". Kama sote tunajua, unatuambia nini? Halafu faida tano, halafu hasara tano. Wewe ni mwalimu au mizani ya sokoni? Mwishoni unaiomba serikali "ilitazame jambo hili kwa jicho la huruma". Serikali haina jicho. Msomaji ndiye mwenye jicho, naye ni mchukuzi wa bandarini au karani wa shamba la mkonge anayesoma huku anangoja chai ipoe. Chai ikishapoa kabla hujamshika, umemkosa.

Usimwambie habari za mvua. Mloweshe.

Tafuta mtu mmoja. Mmoja, Tobia, siyo kijiji. Awe na jina, na jembe lenye mpini uliopasuka. Siku fulani aliamka, na siku hiyo jambo likampata. Anza palepale linapompata, na likiisha funga mdomo. Usieleze maana yake. Anayeeleza maana ni mtu asiyeyaamini aliyoyasimulia.

Na lile daftari lako la siku, lile nililokuwa nikikucheka kwalo tukiwa shule, unalo bado? Najua unalo. Mtu anayeandika tarehe ya paa kung'oka hawezi kuliacha. Chota humo.

Faida na hasara usinitumie tena. Hizi za sasa tumefungia maandazi.

Kaka yako,
Kristofa


Kwembago, Lushoto
2 Aprili 1953

Kaka,

Shikamoo. Tu wazima. Mafuta ya nyonyo shangazi amepaka, anasema yananuka kuliko yanavyoponya. Barua yako ilisomwa na Jenoveva kabla yangu, kwa maana amejifunza kusoma mwaka jana na barua zako ndizo anazofanyia mazoezi. Kwa hiyo alinicheka siku mbili, hasa ile ya mizani.

Nimekutii. Nilifungua daftari, nikakuta Jumanne tarehe 24 Machi. Siku hiyo wasaidizi wa Bwana Shamba walifika kwenye shamba la mjane mmoja hapa Kwembago. Alikuwa amechimba matuta nusu ya juu. Nusu ya chini hakuifikia kwa sababu ya goti. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Wakang'oa mistari kumi na tisa, wakayalaza kando ya njia ili wapitao waone. Yeye alikaa juu ya jiwe mpaka walipoondoka. Kisha akashuka, akayafukia tena moja moja mpaka giza likaingia. Anajua, kama ajuavyo kila mtu wa huku, kwamba hindi lililong'olewa halishiki.

Kaka, mjane mwenyewe ni shangazi. Nilitaka nikuambie kabla hujasikia kwa wengine. Nilimwomba ruhusa, akasema, "Andika yaliyotokea. Lakini usiniandike kama mtu anayeomba." Kwa hiyo sikumtaja jina. Na mwishoni nimeeleza kwamba ana wana wawili wa kaka yake, mmoja mwalimu hapahapa na mmoja mjini, na kwamba kila Jumapili chakula kinatoka kwangu, na nguo hutoka kwako kila Krismasi. Hili nimeliandika makusudi. Unajua kwetu mjane aliyerudi kwa baba yake analima kwa sababu ana watu. Sikutaka pawe na maneno.

Mdogo wako,
Tobia


Tanga
14 Aprili 1953

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole kwa shangazi. Hao wasaidizi wa Bwana Shamba ningewapata hapa kwenye kona ya uchapishaji ningewang'oa meno mistari kumi na tisa.

Kumbe unaweza kuandika. Miaka yote hii ulikuwa unatuficha. Nilimsomea mhariri mkuu mpaka pale anapoyafukia mahindi, akaweka kikombe chini. Mtu huyo hajaweka kikombe chini tangu vita iishe.

Nimefanya mambo matatu. La kwanza, nimemtaja jina. "Mjane mmoja" hana uso, Tobia. Msomaji hamlilii mjane mmoja, wajane wako wengi. Anamlilia Secilia. La pili, nimekata sentensi yako ya mwisho yote, pamoja na chakula cha Jumapili na nguo za Krismasi. Hivi hukuona? Umemkalisha mama wa watu juu ya jiwe peke yake, msomaji ameshika roho, halafu unamletea wapwa wawili wenye mishahara. Atauliza, hao walikuwa wapi jembe lilipohitajika? Na atakuwa na haki. Shangazi anauma zaidi akiwa peke yake. Kwa hiyo nimetuondoa mimi na wewe. La tatu, palipokatwa palihitaji kufungwa, nami nimefunga kwa sentensi moja niliyoiongeza mwenyewe. Nimeandika, "Secilia hana mtu." Basi. Hapo ndipo kikombe kilipowekwa.

Itatoka Jumamosi tarehe 25 kwa jina lako kamili. Usiniandikie kunishukuru, niandikie makala nyingine.

Kaka yako,
Kristofa


Kwembago, Lushoto
11 Mei 1953

Kaka Kristofa,

Shikamoo. Mimi si mzima sana, nakueleza ukweli. Jenoveva yu mzima. Shangazi nitakueleza.

Kengele ilifika hapa tarehe 28 Aprili kwa basi la Mombo. Siku mbili za kwanza nilikuwa mtu mkubwa. Walimu wenzangu waliisoma kwa sauti, wanawake wa sokoni wakaomba wasomewe, na msaidizi mmoja wa Bwana Shamba alipita akiwa amekunja uso. Siku ya tatu watu wakaanza kunyamaza nikipita. Siku ya nne Mzee Issa, aliyemtahiri baba, alinisimamisha njiani. "Mwana," akasema, "nimesomewa kwamba binti wa ukoo wa Shemkai hana mtu. Ninyi mmekufa lini? Mbona hatukualikwa matanga?"

Sentensi ile, kaka. Tanga inaliza watu. Hapa inafanya kazi nyingine. Wewe umekaa pwani miaka kumi na moja, labda umesahau. Mtu wa huku hasemi "hana mtu" kumhurumia mwenzake. Husemwa hadharani na ukoo unapomwachilia mtu wao. Zamani aliyesemwa hivyo alikwenda Vuga, makao ya mfalme, akawa mtu wake. Siku hizi hakuna pa kwenda, lakini shamba la asiye na mtu linarudi kwa jumbe, na desturi hiyo haijafutwa na mtu yeyote.

Ijumaa tarehe 8 Jumbe Athumani alikuja na gazeti mkononi. Hakugomba. Alimwambia shangazi kwamba kwa kuwa imeandikwa hana mtu, Bwana Shamba anatafuta shamba la mfano, na mteremko ule unamfaa. Jumbe huyu unamjua, ana tumbo la mashamba, ameshameza manne tangu mwaka juzi na kila moja kwa desturi. Shauri litasikilizwa barazani Jumatatu tarehe 15 Juni.

Dawa ipo, nayo ni rahisi. Uje. Wewe ndiye mkubwa, mundu wa baba ulipewa wewe, na neno la ukoo ni lako. Ukisimama mbele ya watu ukasema "mimi ni mtu wake", shauri limekwisha kabla ya saa sita na utawahi gari moshi la kurudi. Mimi siwezi kusimama badala yako, mdogo hana neno kwa mambo ya ardhi.

Shangazi hajanilaumu. Aliniuliza tu, "Hayo ulikuja kuniomba ruhusa, au ulikuja kunipa habari?" Kaka, kama ungemwona alivyokaa. Amechimba matuta nusu ya chini yote, kwa siku tisa, akiburuta mguu, ili asije akaambiwa kosa ni hilo. Amepanda maharage, na yameota vizuri.

Nakuomba kama anavyoombwa baba. Uje.

Mdogo wako,
Tobia


Tanga
25 Mei 1953

Mdogo wangu Tobia,

Marahaba. Pole kwa wasiwasi. Jenoveva mwambie mazoezi ya kusoma yaendelee.

Barua yako ya tarehe 11 ndicho kitu kizuri kuliko vyote ulivyowahi kuandika, na ninasema hivyo nikiwa nimeshaisahihisha. Nilikata shikamoo, nikakata maelezo ya desturi pale katikati na yote yanayonitaja mimi, na sikugusa kitu kingine. "Ana tumbo la mashamba, ameshameza manne." Umeyapata wapi maneno hayo? Na pale anapochimba siku tisa akiburuta mguu. Imetoka juzi Jumamosi, ukurasa wa kwanza, na jina lako. Nakala ziliisha kabla ya saa nne. Nimeambiwa nitapandishwa cheo mwezi wa saba.

Kuhusu kuja, haiwezekani. Mpaka tarehe 2 Juni sote hapa tumefungwa na toleo la kutawazwa kwa Malkia, kurasa kumi na sita, picha tupu. Baada ya hapo nina karatasi za cheo. Na hebu fikiri kwa akili yako ya mahesabu: niende nikasimame barazani niseme "mimi ni mtu wake", wakati gazeti langu mwenyewe limesema hana mtu? Mhariri mkuu akisikia, makala zote mbili zinakuwa uongo, na mimi na wewe tunakuwa waongo. Kwa ajili ya maharage.

Usiogope baraza. Wazee wa huko wanatisha watu kwa kukohoa. Nenda wewe, umesoma kuwapita wote. Sema ukweli, uupange vizuri, anza na jambo lililotokea. Ukweli uliopangwa hauna wa kuupinga.

Ukirudi, niandikie yote yaliyosemwa, neno kwa neno.

Kaka yako,
Kristofa


Kwembago, Lushoto
18 Juni 1953

Kaka,

Shikamoo. Uliomba neno kwa neno. Niliandika usiku uleule kwenye daftari, na sasa ninanakili.

Baraza lilianza saa tatu. Watu walijaa mpaka nje, wengine walitoka Mlalo kwa sababu ya gazeti. Jumbe Athumani alikuwa na Kengele mbili mezani, amezikunja upande wa makala. Shangazi alikaa chini mbele, mguu mmoja ameunyoosha.

"Mwalimu," jumbe akaniambia, "sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Na hii yenye tumbo la mashamba?"

"Yangu pia. Lakini ilikuwa barua, haikuwa ya gazeti."

"Tumbo langu limeshukuru." Watu wakacheka, naye akawaacha wacheke mpaka wachoke. "Sasa soma mstari huu wa mwisho."

Nikasoma, "Secilia hana mtu."

"Karani, wafasirie kwa Kishambaa wale ambao hawakusikia." Wote walikuwa wamesikia. Alitaka lisemwe mara ya pili. Karani akasema.

"Haya, mwalimu. Ana mtu au hana?"

"Anao. Mimi hapa, na kaka yangu Kristofa."

"Kwa hiyo gazetini ulidanganya."

Nyuma mtu mmoja akasema, "Mgoshi mwalimu akidanganya gazetini, darasani anafundisha nini?" Wakacheka tena.

Shangazi hakucheka wala hakugeuka.

Kaka, nilikuwa nimejiandaa. Barua zako zote nazihifadhi kwa mpangilio wa tarehe, na asubuhi ile niliweka mfukoni ile ya 14 Aprili. Nilifikiri jambo likiwa wazi, limekwisha. Nikasema sentensi ile si yangu, iliongezwa na mhariri, na ushahidi ninao. Jumbe akasema, "Tusomee." Nikasimama nikasoma vizuri, kwa sauti ya darasani. Nikasoma "Nimetuondoa mimi na wewe". Nikasoma "Nimefunga kwa sentensi moja niliyoiongeza mwenyewe".

Nilipomaliza hakuna aliyecheka. Nilidhani nimeshinda.

Jumbe aliomba barua, akampa Mzee Issa, ingawa mzee hasomi. Mzee aliishika kwa mikono miwili.

"Aliyeandika hii ni Kristofa?" akaniuliza.

"Ndiye."

"Kristofa mkubwa wako? Aliyepewa mundu?"

"Ndiye, babu."

Akainamisha kichwa. Jumbe ndiye aliyemalizia, tena kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mwanafunzi. "Mwalimu, ungesema umeandika wewe, ningekutoza kwa uongo na shangazi yako angerudi shambani kwake. Mdogo hawezi kumwachilia mtu. Lakini umetuletea neno la mwenye neno, kwa mkono wake, na tarehe. Kristofa mwana wa Shemkai amesema amejiondoa. Sisi ni nani tumrudishe?"

Nikasema wewe hukukusudia hivyo. Akauliza, "Yuko wapi aseme mwenyewe alivyokusudia?" Nikatazama mlangoni, kaka. Nilikuwa najua hupo, na nikatazama.

Shangazi akaulizwa kama ana neno. Akasema, "Ninauliza habari za maharage. Yamebakiza wiki mbili. Nitayachuma au siyachumi?"

Jumbe akamgeukia msaidizi wa Bwana Shamba. Msaidizi akasema kamba za kipimo zimeshafika, wanaanza kesho yake.

"Nimesikia," akasema shangazi. Akainuka. Nilikwenda kumshika mkono akauondoa.

Chakula alichopelekewa na Jenoveva jioni ile kilirudi kimefunikwa vilevile. Cha jana pia. Mimi nimepewa barua na msimamizi wa shule kwamba walimu hawaandiki magazetini. Shuleni nimebaki, ila watoto wamenipa jina, wananiita Ushahidi.

Sijui nikuombe nini.

Mdogo wako,
Tobia


Tanga
2 Julai 1953

Mdogo wangu,

Marahaba. Poleni nyote, pole sana kwa shangazi.

Nimeisoma mara nne. Sina cha kukufundisha tena. Lile swali la maharage, mtu mwingine angelieleza, wewe umeliacha. Na pale unapotazama mlangoni. Sikubadilisha hata nukta, isipokuwa jambo moja dogo: palipokuwa na jina langu nimeweka "ndugu mmoja aliyeko pwani". Utaelewa, cheo kimetoka juzi. Barua ya msimamizi wa shule isikutishe, safari hii nimekuweka "Mwana wa Milimani". Inatoka Jumamosi.

Ulifanya kosa kuisoma barua ile, lakini sikulaumu. Barua ya ndugu haisomwi barazani. Hilo hata wewe ulipaswa kulijua.

Sasa wasomaji watataka kujua shangazi atakwenda wapi. Tangu makala ya pili zipo barua kumi na tisa hapa mezani zinauliza habari zake. Niandikie anakolala, anachokula, anasema nini asubuhi. Kwa ufupi tu.

Kaka yako,
Kristofa


Tanga
30 Agosti 1953

Mdogo wangu Tobia,

Hujambo? Jenoveva hajambo? Ni karibu miezi miwili sijapata barua. Nimeulizia posta, wanasema njia ya Mombo ni nzima.

Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Wasomaji wameacha kuuliza, kwa hiyo siulizi kwa ajili yao. Shangazi yuko wapi?

Kaka yako,
Kristofa


Tanga
12 Novemba 1953

Mdogo wangu,

Natumaini mko salama. Mimi kifua kimerudi.

Makala sizitaki tena, ondoa wasiwasi huo. Nakuandikia jambo jingine. Unajua hapa Tanga tuko Wasambaa kama arobaini, tunakutana Jumapili baada ya misa, nao Waislamu wetu tunakutana nao kwenye misiba. Tangu Agosti hawaniiti. Nilidhani ni wivu wa cheo. Wiki iliyopita alifariki mzee wetu mmoja wa Bumbuli, nikaenda kutoa pole. Nikanyoosha mkono kwa wafiwa, haukupokewa. Nikatafuta pa kukaa. Kijana mmoja, simjui hata jina, akawaambia wenzake, "Msimsogezee mkeka, huyu hana watu, atawachosha." Wakanitazama, na hakuna aliyemkemea. Jina langu nililiondoa gazetini, Tobia, na bado wanalijua.

Nimeomba likizo. Nitapanda gari moshi tarehe 23 Desemba, Krismasi nitakuwa Kwembago. Baraza likae au lisikae, nitasimama sokoni kama hapana budi, niseme mbele ya watu kwamba mimi ni mtu wake na neno lile lilikuwa langu na ni la kipumbavu. Jumbe akitaka faini, mbuzi, chochote, nitatoa. Shangazi mwambie anitayarishie tu pa kukaa.

Nakuomba umfikishie kwa mdomo wako. Usimwandikie.

Kaka yako,
Kristofa


Kwembago, Lushoto
13 Desemba 1953

Kaka,

Barua zako tatu nilizipata kila moja kwa wakati wake. Ya mwisho nimeitimiza, ndiyo sababu najibu.

Shangazi aliondoka Kwembago tarehe 4 Julai, siku ileile makala ya tatu ilipotoka. Mchana walimaliza kung'oa maharage yake kwa ajili ya kamba, jioni hakuwepo. Alikwenda Bulwa, anachuma chai. Shamba lake limetiwa samadi na mbolea ya serikali, na mahindi ya mfano yamenipita kimo. Watu huletwa kuyatazama.

Shule ilipofungwa nilishuka Mombo, nikapanda gari moshi mpaka Muheza, nikapanda mlima kwa lori la Amani. Bulwa nilifika Jumatano tarehe 9 saa kumi. Wanawake walikuwa wanatoka kupima majani. Nilimtambua kwa mguu. Anakaa chumba kimoja na wanawake wawili, Zainabu na Marta, wageni kwetu wote wawili.

Nikasema, "Shikamoo shangazi."

Akasema, "Marahaba, mwalimu. Karibu. Umetoka mbali?"

Akanipa kigoda, akanipa maji kwenye kikombe juu ya sahani. Nikamweleza maneno yako yote kama ulivyotaka, kwa mdomo. Kwamba unakuja, kwamba utasimama mbele ya watu useme wewe ni mtu wake. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akawaita wale wawili waje mlangoni, akawaambia wasikilize vizuri.

"Mgeni huyu anasema yuko Kristofa wa Tanga anayekuja kunisemea. Mimi simjui Kristofa. Mmesikia?"

"Tumesikia, bibi," akasema Zainabu.

"Nawe Marta?"

"Nimesikia. Na huyu mwenyewe ni nani wako?"

"Huyu ni mwalimu. Aliwahi kupita kwangu, akaandika habari."

Marta akanitazama viatu, kisha akarudi kwenye sufuria yake. Shangazi akaniuliza kama nimekula, kwa adabu, kama anavyoulizwa mgeni yeyote. Nikasema nimekula. Akasema lori la mwisho huondoka saa kumi na mbili, nisichelewe.

Tobia